Nyumba za Delano & Aldrich zisizibwe kwa saruji kali

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyumba za kifahari za New York imesifu sura zake, lakini haikugusa kinachozidumisha. Kampuni ya Delano & Aldrich, ya usanifu majengo iliyoanzishwa mwaka 1903 na William Adams Delano na Chester Holmes Aldrich, haikupenda kurundika mapambo. Nyumba ya Willard Straight, kwenye kona ya Fifth Avenue na Mtaa wa 94, ilikamilika mwaka 1915: matofali mekundu, marumaru nyeupe, na madirisha ya duara juu yanayokumbusha kazi ya msanifu Mwingereza Christopher Wren kwenye kasri la Hampton Court, karibu na London. Ukuta mtulivu namna hiyo hauna pa kuficha kosa la fundi.

Kosa lenyewe huanzia kwenye maungio ya matofali, yaani mistari ya mchanganyiko inayoshikanisha tofali na tofali. Ili kuchimbua mchanganyiko wa zamani, fundi hushika grenda, diski ikala kingo za tofali, na ungio la milimita 10 likawa 15. Kisha hujaza saruji kali. Maji yaliyomo ukutani hukosa njia kwenye ungio, yakatokea kwenye tofali lenyewe. Yakiganda wakati wa baridi, uso wa tofali hubanduka vipande vipande. Hakuna rangi wala dawa ya kuurudisha.

Ungio lazima liwe laini kuliko tofali. Chimbua kwa tindo na nyundo, kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa ungio. Kwa matofali laini, sehemu 1 ya saruji, 2 za chokaa na 9 za mchanga zinatosha. Penye ungio la zamani la chokaa tupu bila saruji, rudishia chokaa tupu. Kabla ya kuchanganya, tia kipande cha mchanganyiko wa zamani kutoka kwenye ungio katika asidi hafifu: chokaa huyeyuka, mchanga hubaki, ukaona rangi na ukubwa wa chembe zake. (Kwa majengo ya Lamu na Unguja kipimo hiki hudanganya, kwa kuwa mchanga wenye matumbawe nao huyeyuka.) Lowesha ukuta, jaza kwa tabaka za milimita 6, na usiongeze nyingine mpaka ya kwanza ishike alama ya kidole gumba bila kubonyea. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kazi isimame.

Mkirudia mada hii, tunaomba mchapishe picha za karibu za maungio, kabla na baada ya ukarabati.