Kakopa laki tatu, bangili za milioni zikaenda

Mhariri, asalaam alaykum,

Naandika kwa uchungu kuhusu hii mikopo ya rehani maana ishaingia nyumbani kwetu. Dada yangu mwaka jana mtoto kalazwa, hana pa kukimbilia, mchezo wake wa kuchangishana pesa zamu bado, akaenda kuweka bangili zake mbili za harusi kwa jamaa mmoja hapa mjini akapewa laki tatu. Kila mwezi atoe elfu tisini, na wenyewe hawaiti riba, wanaita ada ya kuhifadhi. Kalipa miezi minne, hiyo ni laki tatu na sitini, na deni liko palepale halijapungua hata shilingi. Mwezi wa tano akakwama, kwenda anaambiwa bangili zishauzwa. Kwa sonara zile zinapita milioni, na chenji hajapewa. Risiti yake ni kipande cha daftari, jina lake na "bangili 2", uzito hamna, tarehe ya mwisho hamna.

Watu wanasema serikali ibane riba tu basi. Benki Kuu ishaweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini hebu pigeni hesabu, mtu kakopa elfu hamsini, 3.5 yake ni shilingi 1,750, na mkopeshaji ana kodi ya duka, ana kijana wa kufuatilia madeni, na wapo wasiolipa kabisa, sasa ama atawaacha wakopaji wadogo, ama ataongeza ada za fomu, ama atajificha kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu hiyohiyo ilitaja app 69 zinazokopesha bila leseni na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, bado ipo. Sisi Wapemba haya si mageni, wazee waliweka mikarafuu kwa bei kheyar, jina mauziano lakini ndani mkopo, na 1934 Muingereza alipozuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji bila ruhusa, pesa ya kulipa wachumaji bado ilikuwa inatakiwa, na nani atakopesha ikiwa shamba halishikiki?

Mimi naona tuige walichofanya Uingereza Januari 2015 kwa mikopo ya muda mfupi. Gharama isizidi asilimia 0.8 kwa siku, hapo mkopeshaji bado anapata chake, ila jumla ya riba na ada na faini zote isipite ile pesa uliyokopa. Kopa laki tatu, hata uchelewe vipi hutolipa zaidi ya laki sita. Kwa hesabu hiyo dada yangu alibakisha isiyozidi laki mbili na arubaini, bangili zake mkononi! Na rehani kwao ikiuzwa kinachozidi deni anarudishiwa mwenyewe.

Wawakilishi walipeleke hili Barazani, na kila anayepokea dhahabu aandike gramu, deni na siku ya mwisho, kwa Kiswahili, nakala mbili, moja abaki nayo mwenye mali.

Msomaji wako,
Wete, Pemba