Zai, kabla hujapanda ndege kwenda Istanbul

Shoga yangu Zai,

Voisi yako nimeisikiliza usiku nikiwa zamu. Sikukatazi, hela yako na uso wako, mtu mzima wa miaka 53 haombi ruhusa ya kukaza mashavu. Ila umeniuliza upake nini ili ngozi iwe tayari kwa kisu, na mie niliyezeeka theatre, chumba cha upasuaji, nakwambia kupaka ni kidogo sana mwenzangu, kazi kubwa ni kuacha.

Tuanze na mkorogo na usininunie. Zile picha ulizomtumia daktari nimeziona, una poda halafu simu yako ile inajisafishia sura yenyewe, yule bwana kaona ngozi ambayo si yako. Hajaviona vile vimishipa vyekundu mashavuni wala viungo vya vidole vilivyogoma kuwa vyeupe, ile uso Fanta miguu Koka tunayochekana sisi yeye huko Uturuki ataijulia wapi? Hizi krimu za kuchanganyiwa kwenye kikopo kisicho na lebo nyingi zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho kama klobetasoli au betamethasoni, ukipaka miaka ngozi inakonda na kidonda kinachelewa kufunga, na ngozi hiyohiyo ndo inataka ichanwe mbele ya sikio mpaka nyuma, ivutwe, ishonwe. Lakini usiamke kesho ukatupa kila kitu kwa mpigo! Uso utawaka moto, utavimba na kutoa vipele hujapata kuona. Beba makopo yako yote kwenye mfuko umuone daktari wa ngozi hapohapo Dar akupunguzie taratibu, inaweza kula miezi, basi tiketi isogezwe. Na daktari wa usingizi lazima ajue, maana steroidi ikipakwa mwili mzima muda mrefu mwili unaweza kuacha kutengeneza steroidi yake wenyewe ya asili, ukija kwenye operesheni presha inakushukia.

Shisha nayo. Usiniambie ni ya harufu tu, nikotini imo, na nikotini inabana mishipa midogo ya damu. Ngozi ya uso ikishainuliwa inategemea hiyo mishipa tu kuishi, ikikosa damu inakufa pembeni, inakuwa nyeusi hapo nyuma ya sikio. Angalau wiki 4 kabla na 4 baada, na sigara vilevile.

Halafu lile kovu la sikio ulilotobolewa ukubwani, lililovimba. Hilo ni keloidi, lipige picha umtumie huyo daktari wako wa Istanbul, kwa sababu mshono unapita jirani kabisa na hapo. Sikioni ndo nyumbani kwa keloidi, na kama ulivyonambia mama yako naye analo la kifuani litaje.

Vidonge: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki unayomeza ya magoti, vitamini E, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, hata habasoda yako, andika orodha nzima umpe. Vingi huachwa wiki moja au mbili kabla maana vinaweza kuongeza damu kutoka, ila dawa uliyoandikiwa na daktari wa moyo usiiguse bila kumuuliza yeye.

Retinoli, ile krimu ya kupunguza mikunjo, skrabu na kunyoa uso kwa uzi simamisha mapema, muulize siku ngapi. Sanskrini ya SPF 30 kwenda juu paka kila asubuhi hata ukiwa kwenye daladala, jua la Dar unalijua. Nywele paka rangi wiki kadhaa kabla, baada ya hapo utasubiri sana. Chunusi ikitoka usiiminye, sema, wanaweza kukuahirisha na ni bora iwe hivyo.

Najua kuna harusi ya binti wa dada yako, piko usitie vidoleni, kile kidude cha kupima oksijeni kinabanwa kwenye kidole na weusi ule unaweza kukidanganya. Kucha za jeli na kope za bandia zote zitoke. Usiku wa mwisho nawa uso kwa sabuni watakayokwambia, Dettol usijimwagie usoni tafadhali, na ile sabuni ya klorheksidini ya hospitali ikiingia jichoni ni balaa.

Kesho asubuhi kaa karibu na dirisha, uso mkavu bila kitu, upigwe picha na simu ya mwanao isiyo na mambo ya filta, mbele na pembeni zote mbili. Nitumie mimi kwanza, na makopo pia, mbele na nyuma.

Wasalimie watoto.

Shogayo,
Mama Nasra