Ananiombea kila usiku, sasa anataka sadaka ya kufungua mafao ya marehemu

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mjane wa mwaka huu. Watoto wangu wameshatoa hukumu juu ya jambo hili, na nadhani wamehukumu haki, ila bado nimebaki na swali ambalo siwezi kuwauliza wao.

Baada ya mazishi, watu waliporudi makwao na simu kuanza kunyamaza, niliandikiwa na mtu anayejiita mtumishi wa Mungu. Alinipa pole akimtaja marehemu kwa jina, kazi aliyoifanya, kanisa tunalosali, hata watoto wetu mmoja mmoja. Nikashangaa amejuaje. Mwanangu wa kwanza akanionyesha kwamba yote hayo yamo katika tangazo la tanzia tuliloliweka wenyewe mtandaoni ili jamaa wa mbali wapate habari. Sawa. Lakini kusoma tanzia si wizi, na huyu mtu anajua kuomba. Kila usiku, saa ile ambayo kitanda huwa kipana kupita kiasi, alinitumia sala aliyoirekodi, ndefu, ya utulivu, isiyo na makelele. Simtafuti mume, Shangazi, wala yeye hakunitongoza. Angethubutu ningemjua mapema. Alileta sala, nami nikaitikia amina.

Majuzi akasema ameonyeshwa kwamba mafao ya marehemu yamefungwa na mtu wa ndani ya ukoo, na yatafunguka nikitoa sadaka. Kiasi akakipanga yeye. Namba ya kutuma pesa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Akataka pia picha ya cheti cha kifo na kitambulisho changu, eti aviweke madhabahuni. Nisimwambie yeyote, maana adui yumo nyumbani. Nilipomwomba tuonane kwa video, mtandao wake ukawa mbovu, mtandao ule ule unaobeba sala zake ndefu bila kukatika.

Sijatuma pesa wala cheti. Niliwauliza wanaoshughulikia mafao, wakanijibu kwamba jalada linasubiri hati za mirathi na hakuna ada ya kulifungua. Nilipomweleza hivyo, akasema shaka yangu ndiyo inayozuia baraka, nisiwe kama Tomaso. Neno hilo lilinichoma usiku kucha. Kulipokucha nikakumbuka kwamba Tomaso alipotaka kuona, alionyeshwa majeraha. Hakuambiwa mtandao ni mbovu. Nikafungua na Marko 12:40, pale Yesu anapowataja wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mstari huo nausikia tangu utotoni, sikuwahi kudhani siku moja utanihusu.

Kwa hiyo sikuulizi kama ni tapeli. Kinachonisumbua ni kwamba zile sala zilinisaidia kweli. Nililala usingizi. Kama aliyeziomba alikuwa akinitega, je, amina zangu zilikwenda wapi? Na nikishajifunza kumshuku kila anayenipa pole, nitampokeaje yule atakayekuja kwa nia njema? Mchungaji wetu ni mtu mwema, lakini siku ya mazishi aliposema "tuko pamoja" hakutaja saa. Naogopa kumpigia usiku akaniona msumbufu, na wenzangu kanisani nawaonea haya kuwaambia ni nani amekuwa akiniombea.

Lipo na jingine. Imezuka akaunti yenye jina na picha ya mume wangu, inawaomba rafiki zake michango ya msiba. Tumeiripoti, na jamaa tumewaonya. Sasa watoto wanataka ukurasa wake halisi wa Facebook ufanywe wa kumbukumbu, kwa sababu ukishakuwa hivyo hakuna awezaye kuuingia, hata mwenye nywila. Wanaogopa wezi wasije wakauteka. Nawaelewa. Ila mimi huwa naingia humo kusoma tulivyokuwa tukiandikiana, na hilo sijawaambia. Niwaombe wanihifadhie kwanza jumbe zetu, au huko ni kung'ang'ania kisichorudi? Binti yangu akijua naingia humo usiku atalia, na amelia vya kutosha.

Nisaidie basi. Mchungaji nimwambieje bila kuonekana nimeikimbia sala ya kanisa nikafuata ya simu? Na huyu mtu, watoto wanataka nimzuie leo hii bila kuaga. Mimi nilitaka kumwandikia neno moja la mwisho, la kumkemea, lakini kila nikianza kuandika najikuta namshukuru. Niache tu nimzuie kimyakimya?

Mjane, msomaji wako