Wageni wa Sabaki wanafukuzwa na pikipiki

Mhariri,

Mi ni mvuvi wa Mambrui, hapo mlangoni pa Mto Sabaki napita karibu kila siku. Jumapili iliyopita maji yamejaa, wale ndege wa ufukweni, vitwitwi na sululu, wamejibana kwenye kijisehemu cha mchanga kilichobaki, mara hao vijana na pikipiki za magurudumu manne wakawapitia katikati, ndege wakaruka, wakatua, wakarushwa tena, mara nne nimehesabu mwenyewe. Nikaenda kulalamika ofisi fulani nikaambiwa "mzee, hao ndege tu, wataenda kwengine."

Kwengine wapi jamani? Maji yakijaa tope lote wanalokula limefunikwa, hapo ndipo wanapopumzika kungoja yapwe. Na hao vitwitwi baadhi yao ifikapo Machi na Aprili wanaondoka kwenda kutaga huko Siberia, mafuta ya mwilini ndiyo petroli yao, sasa ukiwarusha kutwa umeshawamalizia tangi kabla ya safari.

Halafu kuna yule mla kaa, mweupe mgongo mweusi na mdomo mnene, ukitaka kumwona vizuri nenda hori ya Mida, kule Watamu. Mi miaka yote nilidhani ni wa hapa hapa, kumbe huzaliana pwani za Uarabuni na Ghuba, anachimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Na hawa wa kaskazini wakishaondoka, kusi inaingia na wageni wake: wanakuja ndege wadogo kutoka Bukini (Madagaska), wameshamaliza kuzaa kwao. Yaani mlango mmoja wageni wa kaskazi na wa kusi, kama enzi za majahazi.

Ndio maana nasema hili si la Kilifi peke yake. Makaratasi yapo tele. Kenya imo kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu, tangu 1990, Delta ya Tana ikaandikishwa 2012, wenzetu Tanzania waliandikisha Rufiji, Mafia na Kilwa 2004, na ule mkataba wa ndege wa majini wanaohama wa 1995 pia tumo. Lakini Uholanzi, Ujerumani na Denmark wana tope lao moja la pwani, la Wadden, na wanalitunza kwa pamoja tangu 1978, sisi na Tanzania na Somalia ufuo ni huo huo, ndege ni hao hao, na mvuvi wa Mambrui hajawahi kuulizwa wapi ndege wanalala maji yakijaa. Wakikaa hao wakubwa wa nchi zote, waweke viti vya BMU, vile vikundi vyetu wavuvi vya kusimamia ufuo, maana sisi ndio tunaowaona alfajiri.

Kwa sasa mi nataka kitu kidogo tu. Vigingi sita vya mvinje na kamba kuzunguka ule mchanga, kuanzia mwezi wa tisa hadi wa nne. Vigingi ninavyo, kamba ninayo ya jarife kuukuu, nitakita mwenyewe, hiyo ofisi inipe kibali tu.

Mvuvi,
Mambrui, Malindi