Imani ionekane kazini na majumbani, si ibadani pekee

Mhariri,

Maafa yanapotokea katika Kaunti yetu ya Nakuru, waumini wa dini zote hujitokeza bila kusukumwa na mtu. Ilikuwa hivyo Mei 2018 bwawa lilipopasuka kule Solai, na ikawa hivyo tena Aprili 2024 maji yalipoteremka usiku na kuzoa nyumba za watu Mai Mahiu, ambapo unga, blanketi na nguo zilichangwa na watu wasiojuana wakafukua matope pamoja. Nawashukuru wote waliofanya hivyo. Linalonisumbua ni kwamba ukarimu huu hupoa upesi mno, na baada ya wiki chache tunarudia maisha ambamo imani ina siku yake moja katika juma, nasi siku zinazobaki tunampita jirani mwenye shida kana kwamba hatumwoni.

Mimi ni muuzaji wa nafaka, kwa hiyo nitaanza na soko. Wanunuzi wanajua kwamba kuna gorogoro, yaani mikebe ya kupimia nafaka, zilizobonyezwa kitako makusudi ili zibebe kidogo, na anayeumizwa zaidi na hila hiyo si mwenye kununua gunia zima bali ni mama anayenunua gorogoro moja ya mahindi, ambaye kila punje aliyopunjwa ilikuwa ya watoto wake. Kitabu cha Mithali kinasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Mungu, na Kurani ina sura iitwayo Al-Mutaffifin ambayo inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Basi mfanyabiashara anayemjazia maskini kipimo chake, akamsemesha kwa heshima ile ile anayompa tajiri, amekwisha kumtumikia Mungu kabla hajafika kanisani au msikitini. Ndivyo ilivyo pia kwa karani anayemhudumia mzee asiyejua kusoma bila kumwambia arudi kesho.

Hata hivyo, kutompunja mtu ni mwanzo tu. Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alikuwa akifundisha hisabati na sayansi katika Shule ya Upili ya Keriko, kijijini Pwani huko Njoro, aliposhinda huko Dubai, Machi 2019, tuzo ya mwalimu bora duniani yenye thamani ya dola milioni 1. Habari iliyovuma zaidi ilikuwa kwamba alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Ni jambo kubwa, lakini wengi wetu tuna karo na kodi za kulipa, na tukilitazama hilo peke yake tunaweza kujifariji kwamba utumishi wa namna hiyo ni wa watawa. Lililonigusa mimi ni kwamba aliwafundisha kwa bidii watoto ambao wengi wao walitoka katika familia maskini, baadhi yao wakiwa yatima, akawafuata hadi nyumbani kwao ili ajue kinachowazuia kusoma, na akatumia hata wikendi kuwasaidia waliobaki nyuma. Hayo yanawezekana kwa mwalimu yeyote, na kwa fundi, muuguzi au dereva katika kazi yake mwenyewe.

Wala si jambo geni huku magharibi mwa Kenya. Waquaker, yaani Wakristo wa dhehebu la Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka 1902 walihubiri huku wakifundisha kusoma na ufundi, wakajenga kiwanda cha kupasulia mbao, na baadaye wakawa na hospitali. Waliowapokea waliiona dini ikifanya kazi kwa mikono.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa dini wa Nakuru, Kisumu na Kakamega. Tangu Septemba 2023, serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, na kila mmoja wao ametengewa takriban nyumba 100 za kutembelea ili kupima shinikizo la damu na sukari, kuwaangalia watoto na wajawazito, na kuwaelekeza wagonjwa zahanatini. Malipo yao ni kidogo, na nyumba ni nyingi. Vijana wanaoandaliwa kwa kipaimara, na wenzao wa madrasa waliokwisha kupevuka, wapewe nafasi ya kuandamana na wahudumu hawa siku moja katika wiki, isiyogongana na ibada ya mtu yeyote, maana tukichagua Jumamosi tutakuwa tumewaacha nje ndugu zetu Waadventista. Mhudumu ndiye aamue ni nyumba zipi zinaweza kuingiwa na mgeni, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kijana hahitaji mafunzo yoyote ili amchotee bibi maji, ampasulie kuni, au amsindikize mzee kwenda kuchukua dawa zake. Naomba pia zisipigwe picha za kusambazwa, kwa sababu anayesaidiwa ana heshima yake mbele ya majirani. Likizo ya Agosti inafaa kwa kuanzia, kwa kuwa wanafunzi wa shule za bweni watakuwa nyumbani.

Muuzaji wa nafaka,
Nakuru