Samli ya shangazi

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za Muheza na watoto? Sisi huku wazima, ila nyumba imekuwa gulio. Ndege ya kwenda Ujerumani ni Ijumaa na mabegi bado yako wazi sebuleni. Kila anayepita anatupia chake.

Tiketi inaniruhusu mabegi mawili, kilo 23 kila moja. Jana nilimwomba Mangi wa hapo kona anipimie kwenye mizani yake ya mchele. La kwanza, kilo 31! Waliokuja kununua sukari wakaniuliza kama nahama na kijiji. Nikarudi kupunguza, na hapo ndipo nilipokosana na mama.

Mama anataka nibebe pasi. Umeme wa Ujerumani hauna neno, ni volti 230 kama wetu, lakini plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya mviringo. Nikasema pasi nitanunua hukohuko Leipzig. Akanuna mpaka magharibi. Koti nimepata la mtumba pale Mgandini, zito kama mzigo wa kuni. Lilitoka Ulaya, sasa nalirudisha kwao. Nitalivaa mwilini, na joto la Dar nitakufa nalo. Vyeti na tafsiri zake za Kijerumani viko kwenye mkoba wa mkononi, siuachi hata nikienda msalani.

Kilichonisumbua hasa ni mbuzi ya bibi. Unaikumbuka, ile ya kukunja, mguu mmoja umefungwa waya, meno yamelika upande wa kulia kwa sababu bibi alikuna upande huo tu. Kilo mbili na robo. Dada ananiambia huko tui liko la kopo. Najua. Lakini nilipokuwa nasoma masharti ya Umoja wa Ulaya nikakuta kwamba matunda mabichi karibu yote yanadaiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, ndizi, tende, doriani na nazi. Nazi, Mwanaidi! Nikaona nimeruhusiwa. Nimetoa jozi mbili za viatu, mbuzi ikaingia, nimeiviringisha kwenye khanga ili meno yasitoboe begi.

Sasa shida yangu. Shangazi kaja toka Handeni na lita mbili za samli, kwenye lile dumu lake la njano, kifuniko kakikaza na nailoni. Kaipika mwenyewe, maziwa ya ng'ombe wake. Na masharti yaleyale yanasema abiria haingizi nyama wala maziwa, na samli ni maziwa. Dagaa wa mama wanapita, samli ya shangazi haipiti; hebu niambie nitaanzia wapi kumweleza? Kila asubuhi analinyanyua dumu, anasema, "Hili liweke chini, lisije likavuja." Naitikia.

Basi fanya hivi. Njoo Jumatano kuniaga, uje na kapu kubwa. Shangazi akienda kuswali alasiri nakupa dumu unaondoka nalo, upikie watoto wali. Mimi nitamwambia mwenyewe nikishafika, si kabla. Ila dumu lenyewe lirudishe, analihesabu.

Wako,
Saumu