Baba wa "Padre padrone" naye asikilizwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala yenu kuhusu filamu za Ulaya, aliyeipitia "Padre padrone" kwa sentensi moja tu, kwamba ni kisa cha kijana aliyeokolewa na elimu kutoka mikononi mwa baba katili. Hakusema uongo, lakini ameacha nusu ya filamu, tena nusu iliyo bora.

Filamu hiyo ya ndugu Paolo na Vittorio Taviani, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes nchini Ufaransa, mwaka 1977 mbele ya majaji walioongozwa na mwongozaji filamu Roberto Rossellini, inatokana na tawasifu ya Gavino Ledda, mzaliwa wa kijiji cha Siligo kisiwani Sardinia, Italia. Baba yake alimtoa shule angali mdogo akachunge kondoo, akakua bila kujua kusoma, na ni baada ya kuingia jeshini ndipo alipojiendeleza hadi akawa mwanaisimu. Ledda mwenyewe anaonekana mwanzoni akimkabidhi fimbo Omero Antonutti, anayeigiza baba, naye anaingia darasani kumchukua mwanawe. Wanafunzi wanamcheka Gavino. Baba anarudi na kuwaonya kwamba zamu yao nao itafika, na kicheko kinakatika.

Kwa maoni yangu, filamu nzima imesimama juu ya onyo hilo, kwa kuwa linamtoa baba katika upekee wa ubaya wake na kumweka miongoni mwa wafugaji maskini ambao kwao mtoto ni nguvukazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Baridi kali inapoiua mizeituni ya familia, tunamwona mtu aliyeelemewa, anayewatwisha walio chini yake mzigo asiouweza. Hilo halimwondolei hatia, na kipigo anachompa mtoto hakitazamiki kwa urahisi.

Nani basi mshindi? Katika ugomvi wa mwisho baba anaitosa majini redio inayopiga muziki wa Mozart, na mwana anaendelea kuupiga mluzi wimbo uleule. Mwandishi wenu angeweza kuishia hapo na kumpa kijana ushindi. Lakini muda mfupi baadaye Gavino anainamisha kichwa mapajani pa baba, na mkono unaoinuka juu yake haujulikani kama utabembeleza au utapiga. Ndugu Taviani waliliacha swali hilo wazi kwa makusudi, na sioni kwa nini makala yenu iliwajibia.

Msomaji wenu,
Morogoro